Watoto 80, ufagio mmoja wa chelewa

Ufagio mmoja wa chelewa, ule wa kufagilia uwanja, unatosha kufundishia makumi na mamoja darasa zima la kwanza lenye watoto 80. Kama unabisha, chukua kalamu tupige hesabu.

Watoto 80 ni makundi 16 ya watano watano. Kila kundi linahitaji njiti 45, jumla njiti 720. Chelewa moja iliyokomaa ukiikata vipande vya sentimita 12 inakupa vinne, na ile ncha nyembamba inayobaki unaitupa kwa sababu inajikunja na inachoma. Basi chelewa 180 zinatosha, na ufagio wa maana unazo zaidi ya hizo. Kipande cha kwanza kipime kwa rula, vingine vyote vikate kwa kukilaza hicho cha kwanza pembeni. Ukipima kila kimoja kwa rula utakesha.

Kama umekata chelewa mbichi, zianike kivulini siku mbili kabla ya kuzitumia. Mbichi hukatika vizuri bila kupasuka, ila zikikauka husinyaa, na kibunda ulichokifunga jana leo kinalegea chenyewe. Ncha zote mbili zisugue kwenye sakafu ya saruji mpaka ziwe butu. Hili usiliruke hata ukiwa na haraka, maana watoto watano wanaoinamia kitu kimoja vichwa vyao vinakaribiana, na njiti iko kwenye usawa wa macho.

Vya kufungia ni vipete vya tyubu ya baiskeli. Tyubu iliyochoka fundi atakupa bure. Ikate kwa upana wa nusu sentimita, kila kipete kikizungushwa mara mbili kinabana njiti kumi sawasawa. Kila kundi vipete vinne, jumla 64, yaani unatumia sentimita 32 tu za tyubu. Uzi usitumie. Mtoto wa miaka sita hajui kufunga fundo linalofunguka, na hapa kufungua ndiyo kazi yenyewe, kama utakavyoona.

Halafu tafuta vizibo vya soda sita kwa kila kundi, jumla 96. Meno ya kizibo yagonge kidogo kwa nyundo yalale yasikwaruze. Usikibamize chote kikawa bapa, watoto watashindwa kujua kipi kimelala kifudifudi na kipi chali.

Mchezo wenyewe ni huu. Mtoto anatupa vizibo vyote sita kwa pamoja, anahesabu vilivyolala chali, anachukua njiti idadi hiyo hiyo na kuziweka mbele ya kundi. Anayefuata anatupa, anaongeza. Zikifika kumi, zinafungwa kibunda, zinazozidi zinabaki peke yake. Kwa wastani mtupo mmoja unatoa njiti tatu, kwa hiyo njiti 45 zinaisha kwa mitupo kama 15, kila mtoto akitupa mara tatu. Mtupo mmoja na kuhesabu kwake ni nusu dakika hivi, basi mchezo unakwisha ndani ya dakika nane hadi kumi. Kipindi cha darasa la kwanza na la pili ni dakika 30. Dakika tano za kugawa, kumi za mchezo, tano za kuandika "makumi 4, mamoja 5", na tano za kukusanya. Tano zilizobaki zitaliwa na mtoto anayetaka kwenda haja na mwingine atakayemfuata.

Kwa nini watano na si wanane? Kundi la watano, mtoto anasubiri zamu dakika mbili. Kundi la wanane anasubiri tatu na nusu, na ndani ya hiyo dakika moja na nusu ya ziada ndimo ugomvi wa vizibo unamozaliwa.

Kosa la kawaida ni kibunda cha njiti tisa au kumi na moja. Usipite ukihesabu vibunda vya makundi yote, huwezi. Chora mistari kumi kwenye kipande cha boksi, kila kundi lipewe kipande chake, na kabla ya kufunga, njiti zilazwe moja kwa kila mstari. Mstari ukibaki mtupu, bado. Njiti ikikosa mstari, imezidi. Kosa jingine ni kelele. Vizibo 96 kwenye saruji ni kama mvua ya mawe juu ya bati, hivyo tandika gunia au boksi lililokunjuliwa.

Sasa ile ya kufungua. Wiki inayofuata, kundi lipewe vibunda vitatu na njiti mbili, yaani 32, kisha litoe 7. Ubaoni mtoto huyu huyu angeandika 35, kwa sababu anatoa kidogo kwenye kikubwa bila kujali kipi kiko juu: 7 toa 2 ni 5, na ile 3 anaishusha ilivyo. Mkononi hawezi kudanganyika hivyo. Anaona njiti mbili, anatakiwa atoe saba, anakwama. Nyamaza. Mwache akwame mpaka mmoja wao avute kipete. Kibunda kikifunguka wanakuwa na njiti 12, wanatoa saba, zinabaki tano na vibunda viwili: 25. Mwalimu anayesema mapema "kopeni kumi" amewanyang'anya somo.

Kugawa na kukusanya

Kazi za mikono darasani haziharibiki kwa kukosa wazo. Zinaharibikia kwenye kugawa. Mwalimu ameandaa vitu vizuri, anasimama mbele na ndoo, watoto 80 wanamjia, na kipindi kimekwisha hapo. Kila kundi liwe na chombo chake chenye namba, vifaa vyote vikiwa ndani tangu jana yake. Chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa shingo inaingia njiti 45, vipete, vizibo na kile kipande cha boksi ukikikunja. Ukingo uliokatwa upitishe juu ya kikaango cha moto mara moja, unajikunja na kuwa laini.

Kila kundi na kinara wake, abadilishwe kila Jumatatu. Kinara ndiye pekee anayeinuka. Unaita namba 1 hadi 4, wanakuja vinara wanne, kisha 5 hadi 8. Wakati wa kurudisha, kinara hasemi "tumemaliza mwalimu", anaonyesha: vibunda vinne na tano pembeni. Ikiwa ni vinne na nne, njiti moja iko chini ya dawati, na inaonekana hapo hapo kabla kundi halijatawanyika.

Ukitoka nje, kaa kivulini asubuhi. Ila chini ya mkorosho kuna hatari moja yenye miguu sita: maji moto. Wale sisimizi wekundu wanaoshona majani wanaupenda sana mkorosho, na wakulima wengi wanawaacha kwa makusudi kwa sababu wanakula wadudu wanaoshambulia maua. Tazama juu kabla ya kuwakalisha watoto. Na miezi ya kusi, kila kilicho cha karatasi kiwekewe kokoto juu.

Kadi za silabi

Kadi za silabi karibu kila shule inazo, nyingi zimekaa kabatini. Tatizo lake mara nyingi ni uchaguzi wa silabi. Mwalimu anaandika ba be bi bo bu nzima, mtoto anapewa mstari ambao hauzai neno lolote la maana. Chagua silabi zinazoshikana. Mfano wa seti ya kadi 12 tu: ba, bo, ga, ka, ki, ku, ma, na, sa, ta, ti, zi. Humo mna nazi, makuti, samaki, boga, bata, bati, kazi, kiti, kata, kuna, saba, kima. Mtoto wa Mikindani au Kilwa, huku kwetu pwani ya kusini ya Tanzania, anayajua yote bila kufafanuliwa. Na watakuja na mengine ambayo hukuyafikiria. Kama neno lipo, lipokee, hata kama siyo lililokuwa kwenye andalio lako.

Kadi iwe sentimita 6 kwa 8, ya boksi gumu, herufi ndogo za urefu wa sentimita 3. Chini ya silabi piga mstari mnene. Bila mstari huo n na u ni kitu kimoja kikigeuzwa, vivyo hivyo m na w, na mtoto anayesoma u badala ya n hajakosea, kadi ndiyo imekosea. Usiandike kwa herufi kubwa kwa kudhani zinaonekana vizuri. Kitabuni atakutana na herufi ndogo.

Kama unabandika karatasi juu ya boksi, gundi ya unga wa makopa inashika vizuri. Vijiko viwili vya chakula vya unga uliochekechwa vikorogwe kwanza kwenye robo kikombe cha maji baridi, ndipo umimine kwenye kikombe kimoja cha maji yanayochemka huku ukikoroga bila kuacha mpaka iwe kama uji mwepesi unaong'aa. Unga ukiutia moja kwa moja kwenye maji ya moto utapata madonge, na madonge hayapondeki tena. Gundi hii inakaa siku mbili, baada ya hapo inachacha. Mende na panya wanaipenda kuliko sisi, kwa hiyo kadi zilizokwisha kukauka ziwekwe kwenye ndoo yenye mfuniko, siyo kwenye boksi.

Kuandika kwenye mchanga ni kazi nyepesi, ila kuna jambo la pwani. Mchanga wa baharini una chumvi, chumvi inavuta unyevu, na mchanga unaganda asubuhi kabla jua halijapanda. Uoshe kwa maji baridi mara mbili, uanike, uchekeche kwa chujio la nazi lililozeeka. Weka kimo cha sentimita moja kwenye dumu la lita tano lililopasuliwa kwa urefu. Ukizidisha, kingo za herufi zinaporomoka na a inakuwa shimo. Ukipunguza, kidole kinakwaruza plastiki na mtoto anaacha. Tako la dumu lenye rangi nzito ndilo zuri, herufi inajitokeza.

Udongo

Udongo wa kufinyanga ni kazi tamu na yenye uchafu, ndiyo maana wengi wanaikwepa. Udongo wa huku kwetu sehemu kubwa ni tifutifu wa kichanga, hauumbiki. Uende mabondeni kwenye majaruba ya mpunga au ukavunje kichuguu cha mchwa. Kipimo ni hiki: sokota kamba nene kama penseli, izungushe kwenye kidole chako. Isipopasuka, umepata. Ikipasuka kidogo, ipo tiba: uloweke kwenye ndoo, ukoroge, usubiri kidogo mchanga ushuke chini, kisha maji yenye udongo yamimine kwenye ndoo nyingine na uyaache yatulie hadi kesho. Unachokikuta chini asubuhi ndicho udongo.

Kila mtoto bonge la ukubwa wa ngumi yake. Kwa watoto 80 ndoo ya lita 10 inatosha ikikaribia kujaa. Uugawe ukiwa umeshaukata mabonge, yakiwa yamefunikwa gunia bichi. Ukiuacha wazi nusu saa, juu unakauka na watoto wataomba maji. Ukiwapa maji umepata matope, na somo limegeuka. Maji yawe mahali pamoja tu, kwenye kibuyu chirizi nje ya mlango, hasa kwa shule za uwanda wa juu, Newala na Tandahimba, ambako ndoo ya maji si kitu cha kuchezea.

Anza na herufi: sokota nyoka mrefu, umlaze juu ya herufi iliyoandikwa kwa ukubwa kwenye boksi, kisha mtoto afumbe macho aipapase kwa kidole akifuata njia ya kalamu. Kupapasa kinyumenyume ndiko kunakozaa mtoto anayeandika d kuanzia chini, kwa hiyo weka kokoto mahali pa kuanzia. Baadaye waumbe vitu: chungu, kuku, mtumbwi. Mkono wa kikombe na mguu wa kuku hudondoka kwa sababu moja, umebandikwa tu. Sehemu mbili zinazokutana zikwaruzwe kwa njiti, zipakwe udongo mzito kama uji, ndipo zibanwe. Zikauke kivulini siku tatu au nne. Juani zinapasuka siku hiyo hiyo, na mtoto aliyeumba kuku wake wa kwanza akamkuta vipande viwili hatakuelewa ukimweleza habari za unyevu.

Mgeni akifika ataanza habari za vinyago vya Wamakonde na kupendekeza watoto wachonge. Kuchonga ni kupunguza gogo kwa chombo chenye makali. Darasa la kwanza halina makali, basi waongeze udongo.

Kalamu na karamu

Watoto wengi wa huku huanza shule r na l zikiwa sauti moja masikioni mwao. Kumrekebisha mtoto kila anapofungua mdomo kunamfundisha kunyamaza. Sikio litangulie. Chora mstari kati ya uwanja, kulia weka picha ya kalamu, kushoto picha ya sinia la pilau. Mwalimu anafunika mdomo kwa karatasi ili wasisome ulimi, anasema neno, watoto wanakimbilia upande wake. Jozi nzuri ni kalamu na karamu, kula na kura, fahali na fahari, mahali na mahari, ingawa hiyo ya mwisho ina maelezo marefu. Siku nne tano za kusikia tu, ndipo waanze wao kuita maneno. Mtego mmoja: watoto watamfuata yule anayejua. Wafumbe macho na wanyooshe mkono kabla ya kukimbia. Na kama wewe mwenyewe mwalimu ulimi unateleza, mwombe mwenzako akuitie maneno. Si aibu, nusu ya ofisi ya walimu iko hivyo.

Mkorosho na korosho

Majani ya mkorosho yana mishipa minene kuliko majani mengi ya hapa. Chukua jani lililokomaa, upande wa chini utazame juu, lifunike kwa karatasi ya daftari la zamani, sugua kwa ubavu wa penseli au mkaa. Ubavu, siyo ncha, ncha inatoboa. Jani changa halitoi kitu. Watoto wa darasa la pili wahesabu mishipa ya kila upande na kulinganisha.

Korosho zenyewe zisitumike kuhesabia zikiwa ghafi. Ganda lake lina mafuta yanayounguza ngozi, na mtoto aliyeketi na korosho kumi mbele yake ataing'ata moja, hilo halina mjadala. Midomo inababuka. Usizichome shuleni ili ziwe salama, moshi wake nao una mafuta yale yale na unawasha macho. Zikiletwa zimekaangwa na kubanguliwa, utafundisha kutoa tu, kwa sababu zitaliwa. Mabibo ya kugongea mihuri yanapendeza sana kwenye karatasi, ila utomvu wake ukigusa shati jeupe la shule hautoki, na kesho utakuwa na wazazi mlangoni. Kata bamia au shina la jani la mpapai, unapata muhuri ule ule bila kesi.

Kamba ya Tendaguru

Kwa darasa la pili, somo la vipimo, huku Lindi tuna kitu ambacho hakipo kwingine. Kwenye kilima cha Tendaguru, Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi wakubwa wa kale kati ya 1909 na 1913. Ilibebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Mmoja wa mijusi hao amesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin, kimo chake mita 13.27.

Andaa kamba ya mita 13.27. Hizo 27 za mwisho ni rula ya shule kasoro sentimita 3. Usipige mafundo baada ya kupima, kila fundo linakula kamba na mjusi wako atapungua. Kila mita funga kitambaa chekundu. Kamba ya katani ikilowa inafupika, ya manila ikivutwa na watoto kumi inarefuka, hivyo ilaze chini bila kuivuta na uipime upya kila muhula.

Kwanza wakisie: watoto wangapi watajaza kamba wakinyoosha mikono, kidole kwa kidole? Wengi watasema watano. Mtoto wa miaka saba ana mita 1.2 hivi kutoka kidole hadi kidole, kwa hiyo watafika 11, au 12 kama ni wafupi. Wasilale chini, mashati ni meupe. Kisha kila mtoto aipime kamba kwa hatua zake na aandike jibu ubaoni kando ya jina lake. Mmoja atapata 26, mwingine 31, na watabishana nani ameiba. Waache wabishane kidogo. Rula ya mita itoe kesho yake, wakati ubao bado una yale majina na wote bado wanajiona wako sahihi.